Vibanda Viwili Visivyotazamana

Mama yangu hajawahi kulala nyumbani kwangu. Naanza na hilo kwa sababu bila hilo, mtu akisikia jinsi nilivyohangaika kutafuta hoteli ya Dar es Salaam, atasema nilikuwa na kichaa. Wapo waliosema hivyo, tena usoni, na nikawajibu vizuri tu.

Nimeolewa Tunduma. Mume wangu, mtu wa Ileje huko milimani, ana duka la matairi ya malori kando ya barabara kuu. Mimi nauza vitenge ninavyovifuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, Zambia. Mama yuko Isansa kwenye kahawa yake na mahindi yake, na tangu baba afariki amekaa hapo na kaka yangu na mke wake. Si mbali. Akitoka asubuhi, chai ya saa nne anainywa kwangu. Lakini kwetu mkwe ni mkwe. Mama wa mke na mume wa binti yake hawalali chini ya bati moja. Hawapeani mikono, hawali pamoja, na wakikutana njiani lazima mmoja apishe. Nimemwona mume wangu akiingia kwenye matope na viatu vya kanisani ili mama apite, na mama amevuta kanga usoni huku anaharakisha. Kukiwa na neno la lazima, anatumwa mtoto, hata kama wakubwa wenyewe wanasikiana.

"Mwambie bibi, shikamoo."

"Mwambie baba yako, marahaba."

Na binti yetu mkubwa katikati, anarudia neno kwa neno kwa sauti ya kuchoka. Wageni wakiona hudhani kuna ugomvi. Ugomvi uko wapi? Wale wawili walikuwa wanapendana kuliko wakwe wengi wanaokula sahani moja na kusengenyana hadi jasho linawatoka. Mume wangu hakuwahi kukosa kumpelekea mbolea msimu ukianza, na mama akipika maharage mapya bakuli la kwanza lilikuwa la mkwe, linapelekwa dukani limefunikwa.

Ila mimi jamani, mimi ndiye niliyekuwa naumia. Mama akija kwangu anakaa jikoni uani, na ikifika saa kumi anaanza kutazama kivuli cha ukuta. "Jua linaniaga," anasema, na mkoba uko begani. Nikienda mimi Isansa, ndiyo kabisa: nafanywa mgeni. Kuku anakimbizwa, wifi anapigwa kelele alete maji ya kuoga, majirani wanakuja kunisalimia mpaka giza, mama yuko mbio jikoni, mbio zizini. Usiku analala na watoto wa kaka chumba kingine, mimi napewa kitanda cha sebuleni chenye shuka la sherehe. Nilikuwa na watoto watatu na duka langu, lakini kuna siku nilikuwa namtamani mama mpaka kifua kinauma. Nilitaka alale karibu yangu, tuongee upuuzi mpaka mmoja apitiwe na usingizi. Hilo tu. Sikuona dhambi iko wapi.

Sasa mume wangu naye ana mdomo. Miaka ile ving'amuzi vilikuwa vimeanza kuingia kila nyumba, na watoto waliona kwenye televisheni bustani moja ya michezo ya maji huko Dar, watu wanateleza kutoka juu kama ghorofa mbili, wanadumbukia chini, maji yanaruka. Watoto wakawa hawali. Baba yao akasema, kwa ushujaa wa mtu aliyeshiba, "Binti akifaulu kwenda sekondari, wote tunaenda. Na mimi nitateleza." Binti akafaulu. Mwanaume akaanza kukuna kichwa.

Wakati anakuna kichwa, mimi wazo likanijia nikiwa nakunja vitenge, nikakaa chini kabisa kwenye robota. Hoteli si nyumba ya mtu! Hoteli si kwa mkwe. Mama akija hotelini, hakuna wa kumwambia jua linakuaga. Nikiweza kupata hoteli ambayo mume wangu atakuwa bati lake na mama bati lake, basi mimi nalala na mama, watoto wanalala na baba yao, na heshima ya watu iko palepale.

Nilipomwambia mume wangu, aliacha kukuna kichwa.

"Mama watoto, umefikiria bwawa?"

"Bwawa limefanya nini?"

"Mimi niko na bukta, mama mkwe amekaa kwenye kiti?"

Nikamwambia tutavuka daraja tukilifikia. Moyoni nilisema huyu naye asinianzie.

Mama alikuwa kazi nyingine. Nilimfuata Isansa. Akaanza: kuku nani atawaona, kahawa nani ataianua mvua ikija, Dar kuna joto na wezi. Nikawa nazijibu moja moja. Mwisho akashusha sauti, akaniuliza kwa Kinyiha, lugha yetu, ili wifi anayekoleza moto asikie vizuri kuwa mama anauliza jambo la maana: "Na mkwe atakuwa wapi?"

"Banda jingine, mama. Mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Kama hapa na kwa mwinjilisti."

Akapima kwa macho. Akasema ikiwa hivyo, sawa, na kwamba ni mimi nimesema. Hapo nikawa nimeweka neno langu. Nikaondoka Isansa na furaha na wasiwasi, maana hoteli yenyewe nilikuwa sijui hata inakaaje.

Basi nikaanza kupiga simu. Jirani yangu sokoni, mama wa Kiislamu kutoka Tanga aliyefuata biashara Tunduma na hakurudi tena kwao, alikuwa na ndugu wengi Dar, wakamtumia namba za hoteli zilizo karibu na ile bustani. Alikaa pembeni yangu anasikiliza, mkono uko mdomoni, anacheka kimyakimya.

Hoteli ya kwanza dada wa mapokezi alinisikiliza, akasema kwa upole, "Hakuna shida mama. Tuna ghorofa tatu. Bibi tunamweka chini, baba tunamweka juu."

"Yaani mkwe awe anatembea juu ya kichwa cha mama yangu?"

"Basi tumgeuze, bibi juu."

"Halafu mama ashuke ngazi akutane naye anapanda na taulo? Dada, wewe una mama?"

Akakata simu. Jirani yangu akaanguka kwenye vitenge kwa kucheka. "Shoga, kwetu mkwe ni mwana, unamlisha na tonge. Nyie mnamkimbia kama nyoka!"

"Na nyie mkimlisha tonge mnajua anavyowasema akitoka?" nikamjibu. Akacheka zaidi, maana wa kwake nilikuwa namjua.

Nyingine vyumba vilipangana kama mabehewa, ukuta wa bodi, mtu akikohoa wa pili anaitika pole. Nyingine ilikuwa na mabanda lakini bafu la pamoja uani. Muuzaji mmoja wa ng'ambo, mama wa Kibemba anayeniuzia vitenge kwa jumla, alinikuta napiga kelele kwenye simu. Alipoelezwa akatikisa kichwa. "Awe, mayo," akasema, yaani hapana mama, "mwache mzee nyumbani alinde duka, nendeni wanawake." Nilikaribia kumkubalia. Lakini watoto waliahidiwa na baba yao kuwa atateleza, na mimi nilikuwa nataka wote. Ndiyo tamaa yangu, sikatai. Nilitaka watu wangu wote mahali pamoja, angalau mara moja.

Ile niliyoipata ilikuwa na mabanda ya makuti ndani ya bustani. Aliyepokea alikuwa kaka mmoja mwenye sauti ya mtu wa kwaya. Nikamwambia nataka vibanda viwili. Visipakane. Milango isitazamane. Kila kimoja na bafu lake, na njia ya kwenda kimoja isipite mbele ya kingine. Kimoja cha baba na watoto, kimoja changu na mama.

Akashusha sauti. "Mama, wewe na baba mko... salama?"

"Tuko salama sana."

"Na watoto wanajua?"

"Wanajua nini? Wamezaliwa wameyakuta."

"Mungu ni mwema," akasema. "Njooni tu, mama yangu. Nitawapangia vizuri, mpaka mtashangaa." Nikakata simu natabasamu, nikamwambia jirani yangu kwamba watu waungwana bado wapo.

Safari tukaipanga kwa mtindo uleule. Mume wangu alitangulia na lori la rafiki yake, akisingizia matairi. Mimi na watoto tukapanda basi Tunduma alfajiri, mama tukampakia Mlowo, alikotusubiri kutoka Isansa, na kikapu cha ndizi za kuchoma na karanga za watu kumi. Basi likafia kwenye mlima wa Kitonga. Tukakaa pembeni mwa barabara mpaka watoto wakamaliza ndizi zote. Wakati ule mabasi hayakuruhusiwa kutembea usiku kucha, kwa hiyo likalala Morogoro, nasi ndani yake tumekaa wima. Mama hakulalamika hata mara moja. Alikuwa amepakata mdogo wa mwisho, miguu imevimba, kila nikimwuliza anasema, "Nimekaa tu mwanangu, kukaa ni kazi?" Mimi nilikuwa nahesabu moyoni: tukifika, mama analala. Na mimi nalala hapo pembeni yake.

Tulifika hotelini asubuhi jua limeshapanda. Joto la Dar likatupokea mlangoni. Mume wangu alikuwa ametangulia, amesimama mbali, mwisho wa bustani, nyuma ya mpera, ametupa mgongo kama inavyotakiwa. Kaka wa mapokezi akatoka mbio, meno yote nje. Akambusu mdogo, akamwamkia mama, akachukua mabegi mwenyewe. Akatuvusha vibanda vya makuti vyote, mpaka kwenye nyumba moja nzuri ya bati jekundu mwisho wa bustani. Akafungua. Sebule, makochi, vyumba viwili vya kulala vinatazamana, bafu moja katikati. Kwenye kitanda kikubwa alikuwa amemwaga maua mekundu.

"Nilifikiri sana baada ya simu yako," akasema, sauti imelainika. "Nikasema hapana. Ndoa ni kitu kikubwa. Baba na mama mkilala mbalimbali, watoto wataona nini? Nikawapa nyumba ya familia kwa bei ya vibanda. Bibi na watoto chumba hiki, ninyi wawili kile. Mtazungumza, mtapatana."

Nilitamani ardhi inimeze na yeye nimvute huku naingia. "Kaka," nikamwambia, "hatujagombana! Huyu ni mama yangu! Mzazi!"

"Ndiyo, nimemwona bibi, ni baraka..."

"Nataka vibanda viwili!"

Akababaika. Vibanda vyote vilikuwa vimechukuliwa na watu wa harusi, tena walishaingia; mmoja alikuwa anapita na rola kichwani. Nikamweleza yule kaka mambo ya wakwe, kwa haraka na kwa hasira, na kadiri alivyoelewa ndivyo alivyozidi kushika kichwa. Alikuwa mtu wa pwani, hakuwahi kusikia kitu kama hicho. Alitaka kutusaidia tu, maskini ya Mungu.

Mama alikuwa amebaki nje kwenye ngazi, hajakanyaga ndani. Alikuwa ameshaelewa. Akamwita binti yangu mkubwa.

"Mwambie baba yako apumzike nanyi hapa. Mimi nitatafutiwa gesti hapo barabarani, chumba kimoja kinanitosha."

Binti akageukia mpera. Kabla hajafungua mdomo, sauti ya mume wangu ikatoka kule kule, bado ametupa mgongo. "Mwambie bibi haiwezekani. Mimi ndiye ninayeondoka. Naenda Ubungo kwa madereva."

"Mwambie baba yako ameahidi watoto. Hawezi kwenda Ubungo."

"Mwambie bibi ametoka safari, hawezi kwenda gesti."

Binti alikuwa anageuza shingo huku na huku, machozi yanamlengalenga, wadogo zake wameanza kulia kwa sauti kwamba baba haendi. Watu wa harusi wamesimama. Mimi hapo nikapasuka. Sijui maneno yote niliyosema. Najua nilisema nendeni wote, nendeni Ubungo, nendeni gesti, nendeni Zambia, mimi nitalala na haya maua peke yangu. Najua nilisema nimechoka kuwa na mama wa saa kumi. Nikasema hivyohivyo, mama wa saa kumi, mbele ya wageni wa watu, halafu nikakaa kwenye kizingiti nikalia kama mtoto mdogo. Mume wangu yupo, mama yupo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniona hivyo.

Mama akanitazama. Kisha akamwita kaka wa mapokezi.

"Baba, hii nyumba ya nani?"

"Ya bosi, bibi. Anaishi Mbezi."

"Huyu aliyesimama kwenye mti amejenga hapa?"

"Hapana, bibi."

"Kitanda amenunua yeye? Moto wa jikoni amewasha yeye?"

"Hapana, bibi, vyote vya hoteli."

Mama akamgeukia mjukuu wake. "Mwambie baba yako, hapa hana nyumba. Mimi sijaja kwake na yeye hajaja kwangu. Wote tumekuja kwa huyu kijana. Alale na watoto wake, nitalala na mtoto wangu, milango ifungwe." Akavua viatu kwenye ngazi, akaingia ndani. Mama yangu, mzee wa kanisa, aliyewahi kulala kwenye benchi la zahanati ya Tunduma kuliko kulala kwangu, akaingia.

Nilidhani yameisha. Mume wangu akatuma mtoto: "Mwambie bibi nimeshukuru sana. Lakini nitalala kwa mlinzi."

Nikatoka kumfuata na maneno yangu tayari mdomoni. Akanikatiza kwa utaratibu. "Mama amenipa heshima, nami nimpe yangu. Amekubali kuingia. Wewe hukutaka lingine. Nenda." Macho yake yalikuwa mekundu. Kaka wa mapokezi akabeba godoro mwenyewe mpaka kwenye kibanda cha mlinzi getini, na siku zote tulizokaa pale mume wangu alilala huko, akaoga kwenye bomba la watunza bustani, akapigiwa hadithi na mlinzi mpaka wakawa marafiki. Mama alipoambiwa, alitikisa kichwa polepole. "Huyu ndiye mkwe," akasema. Akaniagiza nimpelekee karanga zote zilizobaki.

Mchana ule mume wangu alichukua watoto kwenye bwawa la hoteli. Mimi nikafagia maua kitandani, mama akapanda upande wa ukutani, nami upande wa nje. Feni inazunguka juu yetu, akaiogopa kidogo, akaniuliza kama haiwezi kudondoka. Nikamwambia haidondoki. Tukaanza kuongea. Tuliongea habari za shangazi aliyekataa kuolewa na mwalimu, habari za baba alipokuwa kijana na baiskeli yake, habari za wifi, tena hizo kwa kunong'ona ingawa wifi alikuwa Isansa. Akanishika kichwa, akaanza kunifumua nywele, nywele zenyewe nilisukwa wiki ileile na kwa maumivu. Nikamwacha afumue. Yeye ndiye aliyepitiwa kwanza. Mama yangu anakoroma, jamani, sikuwa nakumbuka. Nililala pale nasikiliza nikaona sitaki hata kulala.

Kesho yake ndiyo tukaenda kwenye ile michezo ya maji. Mama tulimweka kwenye kiti chini ya mwavuli mkubwa, kanga mbili, soda baridi mkononi. Alishangaa watu wazima na vitambi vyao wanapanda ngazi kwa hiari ili waanguke. "Na wanalipia?" akaniuliza. Nikasema wanalipia. Akasema Mungu atusamehe.

Baba yao akapanda na bukta yake. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Binti yangu mkubwa, aliyekuwa amechoka na ujumbe, akabuni sheria yake: kila baba alipofika juu, watoto wote watatu walipiga kelele kutoka majini, "Bibi usiangalie! Baba anashuka!" Mama anafunika uso kwa kanga, mume wangu anashuka mbio na maji yake, anakimbilia nyuma ya ukuta, watoto wanapiga kelele tena, "Bibi angalia sasa!" Mama anafunua. Kufikia adhuhuri bwawa zima lilikuwa linaijua. Watoto wa watu wasiotuhusu kabisa nao walikuwa wanaimba, bibi usiangalie, na mama chini ya kanga anatikisika kwa kicheko mpaka soda inamwagika. Nilimwona mume wangu kule nyuma ya ukuta naye ameinama, anacheka ameshika magoti. Walikuwa wanacheka pamoja, kila mtu upande wake, na hakuna aliyemvunjia mwenzake heshima.

Tulirudi kwa basi, mume wangu akafuata na matairi yake. Tulipokaribia Mlowo nikaona nijaribu bahati. Nikamwambia, "Mama, si umeshalala ua mmoja na mkwe? Twende Tunduma. Kesho utarudi."

Akaanza kukusanya mkoba wake. "Ile ilikuwa hoteli, mwanangu."

"Mama!"

"Hoteli ni hoteli." Akambusu mdogo, akashuka, akavuka barabara bila kugeuka, maana akigeuka mimi huwa nalia na yeye anajua. Nilikasirika mpaka Tunduma. Nikasema basi, ndiyo yameisha, nimepata vyangu vya siku chache na nisitamani vya zaidi. Jirani yangu wa Tanga aliniuliza safari ilikuwaje, nikamwambia ilikuwa nzuri, nikainama kukunja vitenge ili asinione uso.

Kahawa ilivunwa, ikaanikwa, ikauzwa. Siku moja simu ya mama ikabipu. Nikampigia. Akaniambia habari za kuku, akaniambia mvua imechelewa, akaniuliza watoto mmoja mmoja.

"Eti," akasema, "hapo Vwawa hakuna hoteli?"

"Nani anaumwa, mama? Kuna mtu analazwa?"

"Hakuna anayeumwa. Nauliza tu kama ipo."

Nikamwambia ipo. Nikamwambia zipo nyingi, hata kama kwa kweli nilikuwa naijua moja tu, na ndani sijaiingia.

Vwawa iko katikati yetu. Mume wangu alipoambiwa aliuliza kitu kimoja, kama mama ana nauli, na akabaki na watoto bila neno. Nilimkuta mama ameshafika, amekaa kwenye kiti cha mapokezi na mkoba magotini, amevaa viatu vya kanisani. Dada wa mezani alituuliza tunatoka wapi, ili aandike.

"Mimi Isansa," mama akasema. "Huyu Tunduma."

Dada akaacha kalamu. Akatutazama kwa zamu, sura zetu zinafanana, mtu hahitaji kuambiwa. "Bibi, mbona ni hapa hapa? Si mngelala tu kwa mmoja wenu?"

Nilikuwa nafungua mdomo kumjibu, na lingekuwa jibu la moto. Mama akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Kwangu huyu ni mgeni," akamwambia yule dada. "Kwake mimi ni mkwe. Tumekuja hapa niwe mama yake."

Dada akatusogezea ufunguo, mama akauchukua, akatangulia kuulizia chumba kiko upande gani.